Kura Arobaini na Moja Dhidi ya Dorotea

Mama Mkubwa wangu, dada yake mama, alinyoosha mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina lake. Kazini alikuwa Mama Pasi. Mtaani alikuwa Mama Pasi. Hata daktari mkuu akitaka koti lake alimtuma mtu kwa Mama Pasi. Jina lake hasa, Dorotea, lilikaa kwenye kitambulisho na kwenye ubao wa zamu, basi. Nadhani ndiyo maana wengi walisahau kwamba lina mwenyewe, yuko hai, anajua kusoma, na ana simu.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya wodi ya wazazi. Kulikuwa na mashine ndefu ya kunyooshea yenye roli za moto: unalisha shuka huku, mwenzako analipokea kule likiwa limenyooka na kukauka. Roli hizo zilimbana kidole cha shahada zamani, na mpaka leo hakikunjiki sawasawa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakupenda shuka lenye mikunjo wala mtu anayezungukazunguka jambo. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee akiwa na miaka sita, akamlea peke yake mpaka akawa fundi simu mwenye duka lake karibu na stendi. Fundi akamwoa mwalimu wa chekechea, binti wa sauti ndogo ambaye hajazoea kusema kitu mara mbili.

Mwalimu alipopata mimba alilazwa hospitali hiyo, na alipotoka tu akatangaza. Tulikuwa tunakunja nguo za mtoto, mimi na yeye, mumewe amekaa mlangoni. "Akiwa wa kike, ataitwa Dorotea." Mumewe akacheka. Alidhani ni utani, na mkewe hakujisumbua kumweleza kwamba si utani.

Mtoto akazaliwa Jumapili, wa kike, ana nywele mpaka shingoni. Siku ya nne baba yake akaandika kwenye kundi la ukoo, kwenye simu: "Wapendwa, mwenzangu anataka tumwite mtoto Dorotea, jina la mama. Mama nampenda, lakini tuseme ukweli, kwa mtoto wa leo si limepitwa na wakati? Pigeni kura." Chini yake akaweka vijisanduku viwili. Kimoja kilisema Linafaa. Kingine kilisema Limechacha.

Watu wakapata kazi ya kufanya. Shemeji mmoja akaandika kwamba hilo ni jina la kuitia watu kwenye foleni ya pensheni. Binamu akasema mtoto atazaliwa upya akiwa na miwani. Mwingine akashauri jina litolewe harufu ya naftalini kwanza, lianikwe juani siku mbili. Mjomba mmoja ambaye hajakanyaga kwetu miaka kumi, hata msibani hakuja, naye akapata nafasi ya kupiga kura. Kufikia saa nne Limechacha ilikuwa na kura arobaini na moja. Linafaa ilikuwa na tatu: ya mwalimu, yangu, na ya mtu mmoja ambaye sijamjua mpaka leo.

Wote walisahau kitu kimoja. Mwaka uliotangulia, fundi mwenyewe ndiye aliyempa mama yake simu nzuri na kumwingiza kwenye kundi. Mama Mkubwa hakuwahi kuandika neno humo, lakini alisoma kila kitu, wakati wa chai, amekaa juu ya robota la mashuka.

Mimi nilikuwa karani wa dirisha la dawa hospitali hiyohiyo. Nilikimbia kule nyuma, nikamkuta ameishika simu mbali na uso, miwani imeshuka puani.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimechacha?"

"Hawakusema wewe, Mama Mkubwa. Wamesema jina."

"Jina la nani?"

Nikageukia mashine. Roli zilikuwa zinazunguka bila shuka, na mwenzake upande wa pili alijifanya anatafuta kitu sakafuni.

"Hata mimi nilipokuwa msichana sikulipenda," akaendelea. "Niliona zito, kama begi la kuazima. Wenzangu walikuwa na majina mafupi, unayamaliza kabla hujafumba mdomo. Lakini nikilikataa mimi, nimekataa changu. Hawa arobaini na moja nani amewauliza? Mwanangu amelitoa jina langu nje watu walinuse, kama maziwa ya juzi." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka safi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Kisha akarudi kwenye roli.

Kesho yake alipotoka zamu tulikwenda pamoja dukani kwa fundi. Walikuwepo wateja wawili. Mama Mkubwa alitoa kitambulisho kwenye pochi, akakiweka juu ya kioo cha kaunta.

"Nibadilishie."

"Nibadilishe nini, Mama?"

"Jina. Wewe si fundi? Weka la kisasa."

Fundi akaweka bisibisi chini. Wateja wakaanza kuangalia makava ya simu kwa bidii kubwa. "Mama, ule ulikuwa mchezo wa kwenye simu tu."

"Mkataba wa kupanga duka hili, mdhamini ni nani?"

Fundi akaiokota tena bisibisi.

"Nakuuliza."

"Ni wewe."

"Ameandikwa nani?"

"Dorotea," akasema, chinichini, macho kwenye kaunta.

"Siku ile lilikuwa halijachacha." Akachukua kitambulisho chake, tukaondoka. Njiani alitembea wima, hata mwendo ulikuwa mwepesi. Aliniambia kijana ameelewa, na kwamba hana haja ya kulirudia.

Majuma mawili baadaye, Jumamosi mchana, mwalimu alifika nyumbani kwa Mama Mkubwa na mtoto mgongoni, jasho linamtoka. Hakukaa. "Mama, nimekuja kushtaki," akasema, akaweka karatasi mezani. Ilikuwa cheti cha kuzaliwa. Alikuwa amekikuta ndani ya begi la mumewe, katikati ya nyaya za chaji, alipokuwa anatafuta kibanio cha nepi.

Jina lililoandikwa lilikuwa na y mbili na h isiyotamkwa. Mama Mkubwa alilisoma mara tatu, na kila mara likatoka jina jingine. Kisha akaangalia tarehe. Cheti kilikuwa kimeandikishwa siku ileile tuliyokwenda dukani.

"Darasani kwangu nina watoto ishirini na wanane," mwalimu akasema. "Watano wana jina hili, kila mmoja na herufi zake. Nikimwita mmoja wanageuka wote. Ananiambia Dorotea limepitwa na wakati. Na haya yatakaa mapya mpaka lini? Yatazeeka tu, kama sisi." Akashusha pumzi. "Na mimi sikulitaka kwa sababu ni zuri masikioni. Nililazwa miezi miwili na mimba hii, sikuruhusiwa hata kusimama. Kila jioni ulipanda ngazi na shuka lililotoka kwenye roli, bado la moto, ukanitandikia mwenyewe. Mwanangu nampa jina la mtu ninayemjua."

 Mama Mkubwa alikwenda jikoni, akakaa huko kitambo, akarudi na maji ya kunywa kwa ajili ya mwalimu.

Jumatatu tukaenda ofisi ya usajili, sisi watatu na mtoto. Karani wa dirishani alikuwa kijana mwenye tai. Akasoma ile fomu ya marekebisho, akatabasamu. "Dorotea? Bibi, jina hili bado lipo?"

"Lipo," Mama Mkubwa akasema. "Limesimama mbele yako."

Kijana akaacha kutabasamu. Akaeleza, kwa adabu sasa, kwamba baba aliyeandikisha lazima aje atie saini. Mwalimu akapiga simu. "Njoo usajili. Sasa hivi." Akakata. Tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima, tukipokezana mtoto mikononi, mpaka fundi akafika, vidole bado vyeusi kwa kazi.

Alijaribu kidogo. Alisema labda liwekwe la pili, katikati, lisionekane sana.

"La kwanza," mkewe akasema.

Akatia saini. Alipokuwa anarudisha kalamu, mama yake akamuuliza, "Siku ile dukani, nilipokuwa naongea nawe, ulikuwa umeshaandikisha?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ukaniacha niende nyumbani nikidhani umenisikia."

Hakupandisha sauti. Lakini nilimtazama usoni, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona ameumizwa namna ile. Kejeli za ukoo zilimuudhi. Hili la mwanawe kusimama mbele yake akiwa na siri mfukoni lilimkata. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akatoka naye nje.

Fundi aliandika kwenye kundi akiomba radhi, na wengine wakafuta maneno yao, kama vile yaliyosomwa yanaweza kufutika. Mama Mkubwa alikuwa ameshatoka kwenye kundi. Aliniomba nimwonyeshe pa kubonyeza, akabonyeza mwenyewe. Miezi minane hakukanyaga dukani. Fundi alikuja kila Jumapili, anawekewa chai, anakunywa, anaaga. Mwezi wa tisa mama yake akamuuliza habari za mgongo wake, kwa sababu alimwona anainuka kwa shida. Wakaanzia hapo.

Mtoto sasa ana miaka minne, anasoma chekechea. Hakuna aliyemcheka. Watoto wenzake wanamwita kama wanavyoita mwingine yeyote, na yeye anaitika. Baba yake alijaribu kumkatia jina liwe fupi. Mtoto mwenyewe ndiye aliyemrekebisha, mpaka mwisho wa jina, silabi kwa silabi.

Mama Mkubwa amestaafu. Juzi nilimuuliza kama bado ana hasira.

"Ninayo," akasema. "Na sina haraka nayo." Kisha akavaa viatu, akaenda kumpokea mjukuu wake shuleni.