Baba alimficha Mama maji, kumbe kiu ilitoka kwenye kiti chake cha dialysis

Wakuu, nawasalimu kutoka Juba. Haya sikusimuliwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wasindikizaji, nikaona kwa macho yangu.

Mama yangu anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, figo zimechoka. Kwa asiyejua, mgonjwa wa dialysis hanywi maji ovyo. Mkojo ni kidogo, kwa hiyo maji yanabaki mwilini, miguu inavimba, moyo unalemewa.

Sasa Mama akawa anarudi nyumbani, mtaa wa Malakia, na kiu isiyo ya kawaida. Midomo imekauka, usingizi hapati. Akienda tena kupimwa uzito, umepanda.

Nesi mkuu ni dada mwenye roho nzuri, ila mdomo anao. "Mama, umekunywa mto tena?"

"Kikombe changu alichonipimia daktari tu, binti yangu."

Hakuna aliyemwamini. Daktari akaonya kwamba maji yakiendelea kujaa hivyo, moyo hautastahimili.

Baba ni mtu wa maneno machache. Aliuhamisha mtungi wa maji kutoka barazani, akaufungia stoo, ufunguo akautia mfukoni mwa shati.

Lakini na yeye aliacha kunywa maji mbele ya Mama. Siku moja nilimkuta kwa jirani, kasimama nyuma ya mlango na bilauri, kama mwizi wa sukari. Akaniambia, "Usimwambie mama yako."

Kilichonitisha ni jioni moja Mama aliposema taratibu, "Kama mnaniona mwongo, basi niacheni. Sirudi tena kwenye ile mashine."

Kuacha dialysis, wakuu, ni kuaga.

Tulimbembeleza, akakubali kwenda.

Hapa niwaeleze kitu. Wagonjwa wa pale wana viti vyao kama watu wanavyokuwa na mabenchi yao kanisani. Hakuna aliyeweka sheria, ila ukikaa kiti cha mwenzio utaangaliwa mpaka uhame. Cha Mama kilikuwa dirishani. Cha Mzee Lado (jina nimebadilisha) kilikuwa chini ya AC.

Siku hiyo Mzee Lado alikuja na mafua. "Mama, nipe jua lako kidogo. Hii AC inataka kunizika kabla ya figo."

Mama akacheka, akampisha, yeye akahamia chini ya AC. Na kwa kuwa mafua hayakuisha upesi, wakabaki hivyo.

Jioni ya siku ile ya kwanza Mama alikula, akalala. Maji hakuuliza.

Walipokutana tena, uzito wa Mama ulikuwa mzuri. Aliyevimba ni Mzee Lado.

Nesi akamgeukia. "Mzee, leo mto umekunywa wewe?"

"Binti, mimi hata mchuzi niliuacha kwenye sahani. Lakini kiu nilikuwa nayo, kalas, basi tu, usiniulize."

Nilitazama kile kiti cha dirishani, nikatazama mashine iliyo kando yake. Nikamfuata nesi, nikamwambia kiu imebaki na kiti, haikuhama na mtu.

Akasema kioo cha mashine kinaonyesha sodium, yaani chumvi, iko sawasawa. Hata hivyo akachota kidogo yale maji ya dawa yanayopita kwenye mashine, akayapeleka lab.

Majibu yalirudi: chumvi ilikuwa juu kuliko kioo kilivyosema. Yaani mashine ilikuwa inamrudishia mgonjwa chumvi, na chumvi inaita maji. Ikazimwa, ikasubiri fundi aje kuirekebisha.

Nesi alikwenda mwenyewe kwa Mama, akachuchumaa mbele yake. "Mama, nisamehe. Ule mto haukuwa wako."

Nilimpigia Baba simu, nikamweleza. Tulipofika nyumbani, mtungi ulikuwa umerudi barazani, na kikombe cha Mama kimeoshwa. Baba mwenyewe akamchotea kipimo chake.

Mama akanywa nusu, akamrudishia. "Maliza wewe. Nimechoka kukuona unakwenda kwa jirani."

Kumbe alijua siku zote.

Wakuu, sisemi mgonjwa anywe apendavyo. Kikombe cha daktari ni kile kile. Ila mgonjwa wako akisema hajanywa, kabla ya kufunga mtungi, waombe wapime yale maji ya dawa kwa kipimo kingine, wasitegemee kioo cha mashine peke yake.

Wenye wagonjwa wa dialysis humu, kiu yao ikoje wakirudi nyumbani? Na je, wanakaa kiti kile kile kila siku? Niambieni, nawasoma.