Bakuli la Mama Zawadi Lililokwenda Winnipeg

Niseme mapema, usije ukanikatiza katikati: sikuwa nimelewa. Chupa iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya kwanza, na sikuwa nimeifikisha nusu. Haya yalitokea pale Rubona, bandari yetu ya Gisenyi, jua likiwa bado juu ya Ziwa Kivu, mbele ya watu ambao wangefurahi sana kukuambia kwamba ninadanganya. Waulize. Hawatakuambia.

Kwanza uelewe hali yangu. Binti yetu Keza alikuwa amepata nafasi ya kusoma Winnipeg, mji wa huko Kanada ambako, nilisoma, ukirusha chai ya moto hewani inaganda kabla ya kugusa ardhi. Nilisoma kila kitu. Niliweka hali ya hewa ya Winnipeg kwenye simu, na kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki nilikuwa nimeshajua kama theluji itaanguka, itafika wapi mguuni, na upepo utatoka upande gani. Mke wangu atakuthibitishia kwamba siku moja mvua ya Gisenyi ilinyeshea nguo zetu zote kambani, nami nimekaa ndani nikimtangazia kwamba Winnipeg leo kuna jua.

Tatizo ni kwamba utabiri wangu haukumpa Keza joto. Baridi ilipoingia alianza kufifia. Kwanza aliacha kuwasha kamera tukizungumza. Kisha akakiri kwamba hatoki chumbani, masomo anayafuata kwenye kompyuta akiwa kitandani, na anakula mkate mkavu. Jumamosi moja akaniuliza kwa sauti ndogo: "Papa, nikiacha shule nikarudi nyumbani, utaona aibu?"

Na mimi, niliyesoma hadi chuo kikuu, ninayejiita mwandishi, nilimjibu nini? Nilimwambia theluji kubwa inatarajiwa Alhamisi.

Kesho yake nilishuka Rubona kwa Mama Zawadi. Yeye hukaanga sambaza, vile visamaki vyetu vya Kivu, chini ya turubai karibu na bandari, na wateja wake wote walikuwa wakipata habari za Winnipeg kutoka kwangu, watake wasitake.

"Papa Keza," aliniita kabla sijakaa, "theluji iko namna gani leo?"

"Leo hakuna. Itaanguka Alhamisi."

"Na mutoto?"

Nikamweleza. Nikamweleza na swali la Keza, na jibu langu. Aligeuza sambaza zake kwenye mafuta bila kunitazama.

"Donc mutoto analia, we unamupa météo ya theluji."

Wavuvi wawili kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Mana we! Ulisoma mpaka ukaharibika," Mama Zawadi akaendelea. "Mutumie chakula."

"Nitamtumia na nani?"

"Na ule papa pale. Anasema anaenda kule kule."

Huenda wewe ungeshangaa. Mimi sikushangaa, kwa sababu huku kwetu msafiri ni mali ya umma. Ukitamka tu kwamba unapanda ndege, watu usiowajua watakuletea unga wa mtama, dawa ya kienyeji na picha za harusi umpelekee binamu. Kwa hiyo safari yake haikunishtua. Nilichopaswa kushtukia ni yeye mwenyewe.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amevaa koti zito lililofika kwenye ugoko, limefungwa vifungo hadi shingoni, na mabuti makubwa. Wavuvi walikuwa wamefungua mashati kwa joto. Yeye hakuwa na hata tone la jasho. Mbele yake palikuwa na chupa ya bia. Sasa nisikilize vizuri: Mama Zawadi hana friji. Bia yake ni ya moto, na anayetaka ya baridi huenda kwingine. Lakini chupa ya yule mtu ilikuwa imeshika barafu nyeupe hadi shingoni. Niliiona kwa macho haya. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia ameinunua kwingine. Elimu ni kitu cha ajabu.

Nikaenda kumsalimu, nikampa mkono. Baridi ilinipanda hadi kwenye kiwiko.

"Unaenda Winnipeg?"

"Naondoka sasa hivi. Theluji inaanguka leo."

"Alhamisi," nikamsahihisha. Nikatoa simu. Ndiyo, niliitoa simu, nikamwonyesha kile kiwingu chenye vidoti vyeupe.

Aliitazama kwa adabu. "Ni leo," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kazi yake mwenyewe. "Siwezi kuichelewesha hadi Alhamisi."

Mama Zawadi alikuwa ameshajaza sambaza na pilipili kwenye bakuli lake la bati lenye maua mekundu, akalifunika kwa sahani na kulifunga kwa kitambaa. "Bakuli yangu irudi, papa," akamwambia. "Ni ya marehemu mama."

"Litarudi."

Kisha yule mtu akanigeukia. "Na maneno?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, maana mzigo hauendi hivi hivi, lazima uende na salamu. Nikafungua mdomo. Nilichotaka kusema kilikuwa pale pale kooni, kimeshavaa viatu, tayari kutoka.

"Mwambie avae soksi mbili mbili," nikasema.

Alinitazama kwa muda, akachukua bakuli, akaondoka. Hakuelekea barabarani kwenye mabasi madogo ya mjini. Alielekea gatini, na mabuti yake yaliacha alama nyeupe kwenye saruji. Kuku mmoja wa Mama Zawadi alikwenda kudonoa mojawapo, akaruka nyuma akipiga kelele.

"Yewe," mvuvi mmoja akasema, "huyu mutu anapanda boti gani?"

Hapakuwa na boti. Tulimtazama kuku, tukainua macho, na gati lilikuwa tupu. Maji hayakuwa yametikisika. Mama Zawadi akashika kichwa: "Ayii! Bakuli ya mama!"

Chupa yangu bado ilikuwa na bia simu ilipolia. Ni Keza, na kamera imewashwa. Uso wake ulikuwa umelowa, na anatafuna.

"Papa, nani huyu uliyemtuma?"

Kwao ilikuwa asubuhi. Nyuma yake, dirishani, theluji ilikuwa ikimwagika kama unga kutoka kwenye gunia lililopasuka. Na sambaza, aliniambia, zilikuwa za moto kiasi cha kumuunguza ulimi.

Mgeni alibisha hodi, akampa bakuli, akabaki amesimama mlangoni. Alisema lazima arudi nalo. "Sasa Papa," Keza akaniuliza, "ningemrudishia bakuli tupu?"

Wewe mwenye malezi kama yetu utaelewa. Keza amekulia katika nyumba ambayo chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama ni chumvi kidogo tu utaweka. Chumbani alikuwa na nini? Kipande cha mkate ambacho kingetuaibisha ukoo mzima. Basi akahamishia sambaza kwenye sufuria, akavaa koti, akavaa buti, akashuka ngazi ambazo hakuwa amezishuka kwa siku nyingi, akatoka nje, akajaza bakuli theluji mpya. Aliishindilia kwa mikono kama mtu anayetengeneza ugali. Alipoinuka, msichana wa ghorofa ya juu alikuwa amesimama anamcheka, akamuuliza anapika nini.

"Huyu hapa," Keza akasema, akageuza kamera. Kwenye kitanda alikuwa amekaa msichana mwenye nywele nyekundu, machozi yanamtoka kwa pilipili, na mkono wake umo ndani ya sufuria.

Asubuhi iliyofuata Mama Zawadi alikuta bakuli juu ya benchi lake, kitambaa kimefungwa vizuri. Alinipigia simu, nikashuka kwa basi la kwanza. Ndani mlikuwa na theluji, na juu yake alama za vidole vya mwanangu. Sisi theluji tunaijua kwa mbali, zile asubuhi chache kilele cha mlima Karisimbi kinapogeuka cheupe. Mama Zawadi alichota kidogo, akalamba.

"Ni hii tu?" akasema. "Haina ata chumvi."

Ilikaa juani hadi adhuhuri ndipo ikayeyuka. Bakuli lenyewe halijapata joto hadi leo. Ukisimamisha chupa ndani yake, muda mfupi tu inatoa jasho, na siku hizi Mama Zawadi huwauliza wateja kwa maringo, "Ya baridi ao ya moto?" Mwenye friji pale jirani hamsalimu tena.

Keza hakurudi. Yuko kwenye baridi yake ya pili, na sasa yeye ndiye anayenitangazia hali ya hewa, kwa dharau kidogo. Lakini wiki kadhaa baada ya siku ile aliniambia: "Papa, yale maneno yako yalinisaidia kuliko sambaza."

"Ya soksi?"

"Soksi gani? Yule mtu alisema: baba yako anasema kitanda chako hakuna aliyepewa. Ukirudi kesho au ukirudi na digrii, atakupokea kwa furaha ile ile."

Niamini, sikumwambia mtu yeyote maneno hayo. Hata mama yake.

Kwa hiyo nakuonya. Ukimkuta mtu mwenye koti zito mahali penye joto, usibishane naye kuhusu utabiri. Mpe chakula, kitafika kikiwa cha moto. Ila kabla hujamkabidhi, jichunguze vizuri una nini moyoni juu ya huyo unayemtumia, kwa sababu hicho ndicho atakachokifikisha, hata mdomo wako useme nini. Mama Zawadi ana shemeji Ubelgiji, hawajapatana tangu msiba wa mama, na kila mwaka shemeji huyo anaomba sambaza. Nilimshauri amsubiri yule papa apite tena.

"Mi?" akasema, akifuta mikono kwenye kitenge. "Na yote ile iko mu roho yangu? Wacha akule frites yake ya viazi."