Pilipili za Ceu Icah na Mvua ya Mlima Salak

"Nonoh, na wewe umechomeka pilipili uani kwako?"

"Chungulia mwenyewe, Ceu."

Jirani yangu Icah, Ceu yaani dada kwa lugha yetu, akachungulia juu ya ua wa mianzi. Siku hiyo anaozesha binti. Uani kwake pilipili na vitunguu vimetungwa kwenye chelewa, vimechomekwa ardhini. Hapa Bogor ndivyo tunavyofukuza mvua, iende kwa jirani. Juu ya hayo kamkodi Abah Oyon, mzee wa kusukuma mawingu.

"Maana roho yako naijua," akasema. "Una kinyongo cha mwaka jana."

Kinyongo? Nilikuwa na ghala zima.

Mwaka jana namtahirisha mwanangu, Icah kaanika vikaki vyake vya mchele. Alichofanya? Kamwambia Oyon huyo huyo ayasukumie mawingu kwangu. Hema likalala, wali ukaelea, wageni wakanikimbia. Yeye barazani, vikaki vikavu, ananicheka:

"Pole mwaya, mvua haina adabu."

Mtaa ulinisema mwaka mzima.

Sasa sikilizeni. Sikumloga mtu. Niliutazama Mlima Salak tu.

Asubuhi jua lilikuwa la kukaanga. Likiwa hivyo, mvuke unapanda, upepo wa bahari unausukuma mpaka kifuani mwa mlima, unakosa njia, unakwea juu kwa juu. Kwanza wingu jeupe, limevimba kama andazi. Adhuhuri limeota kitako cheusi. Alasiri, radi. Siku nyingi za mwaka ndivyo ilivyo kwetu, hata watoto wachanga hawashtuki.

Na Icah, kwa kumwamini Oyon, kaweka karamu alasiri.

Nikaingia jikoni. Wali wa nazi, samaki wa kufungwa kwenye majani ya mgomba, masufuria mpaka uvunguni.

Wifi yangu akashangaa. "Unampikia nani yote haya?"

"Wageni wa Icah."

Radi ya kwanza ilipopasuka, mtu wa kwanza kuruka ua kuja kwangu alikuwa Abah Oyon. Kilemba mkononi.

Hema likafuata kulala. Wageni wote wakahamia kwangu, bwana harusi na bibi harusi wakiwemo. Nyumba ikajaa pomoni, vile ninavyopenda mimi. Nikapakua. Kesho sokoni itasemwa: harusi ya Icah, watu walikula kwa Nonoh.

Mwisho akaja mwenyewe. Mlangoni, kalowa chapachapa, wanja umefika kidevuni. Sebule nzima macho kwangu.

Jamani, ukitaka kulipiza kisasi, usimnyime adui yako chakula. Mshibishe mbele za watu.

Nikamshika mkono.

"Pole mwaya, mvua haina adabu. Ingia ule, Ceu."