Vumbi la Shamari

Juzi nilirudi mtaa wetu wa zamani wa Ziwani, Nairobi, kutafuta barua ya chifu, maana siku hizi hata digrii haitoshi mpaka mtu aandike kwamba anakufahamu. Nikakata njia kando ya mto, na hapo nikauona: majani membamba kama nywele, maua ya njano yaliyojipanga kama mwavuli. Nikavunja kijiti, nikakisugua, nikanusa. Nikanusa tena. Nikasimama pale kama mjinga, viatu vya usaili vikizama topeni, nikijiuliza kama kweli nimenusa au nimekumbuka tu.

Watu wa Pwani wanauita mmea huo shamari, na mbegu zake wanazitia kwenye chakula. Nyanya yangu, mama yake baba, hakujali mbegu. Yeye alitaka vumbi la maua. Alikuwa amewapikia masista Waitaliano miaka mingi huko misheni kabla ya kuja kuishi nasi Nairobi, na ujuzi huo aliupata kwao. Umande ukishakauka tulishuka mtoni na mfuko wa khaki uliobaki wa sukari. Unainamisha ua ndani ya mfuko, unalipiga kwa kidole polepole, halafu unakata kichwa chake nacho kiingie humo humo. Nyumbani tuliyaanika juu ya gazeti chini ya kitanda, kisha Nyanya akayachekecha kwa leso kuukuu. Kazi yote hiyo ilitupa kijiko kimoja cha vumbi la njano. Alilitia mwishoni kabisa, sufuria ikiwa imeshateremshwa, kwa ncha za vidole vitatu, na jiko zima likanukia peremende na nyasi mbichi.

Jiko lenyewe tulilitumia pamoja na jirani, mama mmoja mcheshi aliyefuga kuku nyuma ya nyumba.

"Nyanya, leo tena maua?" alikuwa akisema. "Kwani sisi ni mbuzi?"

"Mbuzi angesema asante," Nyanya alimjibu.

Lakini pale mtoni paliota mmea mwingine, majani yake karibu sawa, shina lenye madoadoa ya zambarau, maua meupe. Ule ni sumu. Nyanya alinifunza kutoamini macho peke yake: sugua, nusa. Ukinukia tamu, chukua. Ukinuka mkojo wa panya, tupa, kanawe mikono, usiguse mdomo.

"Nusa," aliniambia kila shina. Nami nikanusa.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini yeye mwenyewe hanusi. Pua yake ilikuwa imekufa. Niligundua hilo siku mafuta ya taa yalipovuja kutoka kwenye stovu. Nyanya alikuwa ameketi palepale akichambua ndengu, mtoto wetu mchanga amelala hatua mbili kutoka kwake, na harufu imejaa chumba kizima. Mama aliingia mbio akamnyakua mtoto. Nyanya akasema alikuwa amesinzia. Mimi nilikuwa mlangoni, na niliona macho yake yako wazi. Jioni ile baba alisema, bila kupandisha sauti, kwamba likitokea jambo lingine jikoni Nyanya atarudi Kitui akapumzike. Huko hakukuwa na mtu wa kukaa naye. Tangu siku hiyo nikawa pua yake, na hatukuwahi kulizungumzia.

Kisha akina mama wa kanisa wakatuma habari kwamba wanakuja kumwona mtoto. Nyanya aliamua kupika ndengu kwa nyama, na vumbi lazima liwemo. Nilikuwa darasa la tatu, na wiki ile nilikuwa na mafua. Niliyaficha, kwa sababu mama alikuwa ametangaza kwamba yeyote mwenye mafua atalala kwa jirani, mbali na mtoto. Nikienda kwa jirani, nani atanusa? Mtoni nilisugua kila shina, nikalipeleka puani, sikusikia chochote, nikasema, "Iko sawa, Nyanya." Nilijiambia kwamba ya njano ni ya njano, hakuna shida.

Siku ya wageni Nyanya alichekecha vumbi ndengu zikichemka, akanipa makapi nikayatupe. Nilipoyamwaga juani niliona viua vyeupe. Vitatu, pengine vinne, vidogo kama punje za chumvi. Mimea ile miwili ilikuwa imeota ikisukana, na mimi nilikuwa nimekata kwa haraka. Au labda ni maua ya njano yaliyopauka? Nilichuchumaa nikaviinua kwa kucha, nikavinusa mpaka pua ikauma. Hakuna kitu.

Niliporudi, wageni walikuwa wamefika. Walikuwa kumi na moja. Niliwahesabu kupitia mlango. Walikuwa wakiimba, mtoto akipitishwa kutoka paja hadi paja. Jikoni sufuria ilikuwa imeshateremshwa na Nyanya alikuwa akipangusa vidole vyake kwenye leso. Alikuwa ameshatia.

Wimbo ukaisha. Mmoja akaanza kuombea chakula. Nikahesabu nitakachopoteza: nikisema, Nyanya anaondoka, nisiposema, wanakula. Mama naye atakula, kisha atamnyonyesha mtoto. Hilo la mwisho ndilo lililonifungua mdomo.

"Nyanya, kwenye makapi kulikuwa na meupe."

"Si ulinusa?"

"Nina mafua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaenda mtoni."

 Nyanya akashika sufuria kwa leso mbili, akatoka nayo, akapita mbele ya mlango wa wageni, akaimwaga yote kwenye mtaro. Nyama na kila kitu.

"Mama! Nini tena?" mama akampigia Nyanya kelele.

"Nimekiharibu," Nyanya alisema, wote wakisikia. "Nimepika vibaya. Pua yangu haifanyi kazi tangu Krismasi, na nimewaficha."

Hakunitaja. Nami sikujitaja. Wageni walikunywa chai kwa mkate, wakamsifu mtoto kupita kiasi, wakaondoka mapema.

Kuku wa jirani waliufikia mtaro kabla sijafikiria kuwafukuza. Walikuwa saba, wakadonoa zile ndengu mpaka giza. Sikulala vizuri. Alfajiri nilitoka peku. Wote saba walikuwa wamesimama juu ya ukuta, wakinitazama kana kwamba nimewaletea zaidi.

Sikumwambia mtu. Siku mbili baadaye baba alimsindikiza Nyanya kwenye basi la Kitui, nami nikabeba kikapu chake. Alipokwisha kuketi aliniita dirishani.

"Kuku wa jirani?"

"Wazima."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Basi ilikuwa ndengu nzuri," akasema.

Hakurudi tena Nairobi, na mwaka uliofuata tulimzika. Jirani alihama na kuku wake. Pale jikoni siku hizi kijana mmoja anatengeneza redio, na sijakutana na mtu mwingine anayepika kwa vumbi lile. Baba alikufa akiamini kwamba mama yake nusura atudhuru kwa sababu ya uzee. Mama bado yu hai. Nimeshaandika barua tatu za kumweleza, na zote nimezichana, kwa kuwa kila mara nikifika pale Nyanya anaponiuliza kama nilinusa, siwezi kuamua nianze na mafua au nianze na uongo.