Gia ya Pili na Mama Mkwe

Miaka ile ya tisini nilikuwa dereva wa pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi pale kituo cha Kawangware 56. Tajiri wangu alikuwa ameandika kanuni kwa mkono wake na kuzibandika mbele ya usukani. Gari ni la kazi. Dereva akilitaka kwa mambo yake, aombe barua, iwe Jumapili, aendeshe yeye mwenyewe, na abebe mtu mmoja tu, kiti cha mbele. Nyuma hapandi mtu. Ukivunja moja, kazi huna.

Sikuona ubaya wowote mpaka mke wangu alipojifungua na mamake akaja kumwona mjukuu. Kwetu Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani, hata mkono hawapeani. Chumba changu kule kijiji cha Raila kilikuwa kimoja, kwa hiyo mama alifikia kwa mpwa wake Kawangware. Mguu wake ulikuwa umevimba, kutembea hawezi.

Barua ya kumleta kwangu Jumapili nilipata. Lakini huyo mama angekaa wapi? Nyuma amekataza tajiri, mbele wamekataza mababu. Mpwa wake akaleta blanketi, tukalitundika kwa kamba katikati ya viti. Mama akaingia upande wake, mimi wangu, kila mtu akajifanya yuko peke yake.

Nilipoingiza gia ya pili mkono wangu uligusa blanketi, na huko ng'ambo mtu akaguna. Nikaapa gia sigusi tena. Tulienda na ya pili hiyo hiyo Ngong Road nzima, baiskeli zikitupita. Nikisimama, naondoka na ya pili. Kufika kituo cha Olympic, karibu na kwangu, moshi.

Na nani akasimamisha gari lake mbele yetu, akitoka kanisani? Tajiri.

"Huyo umefunika ni nani?"

"Ni mama mkwe, bosi. Na yuko mbele, vile ulisema."

Nikamweleza yote. Akanusa klachi iliyoungua, akanyoosha mkono nimpe funguo.

"Kesho usikuje."

Mtoto ana wiki mbili! Tajiri akamkaribisha mama kwenye gari lake, wakaondoka kwenda kwangu wakipiga gumzo. Mimi nilifuata kwa miguu, kwa kuwa gari lilikuwa na mama mkwe ndani.

Nilimkuta tajiri kwangu, kwenye kiti changu, amepewa firigisi ya kuku, fungu la mwenye nyumba. Nikakaa nje mlangoni. Ndipo nikamsikia mama akimwambia, kwa sababu mimi hawezi kuniambia:

"Baba, huyu kijana amenipa heshima mpaka gari ikaumia. Sasa ukimfukuza, msichana wangu atakula hiyo heshima?"

Nililia pale mlangoni bila aibu. Ndani mtu aliendelea kutafuna.

Jumanne nilirudi kazini. Tajiri alikuwa ameongeza kanuni moja: dereva asibebe mtu yeyote anayemheshimu.