Pazia la Hoteli ya Tatu

Nilikata pazia la hoteli kwa wembe wa kuchongea penseli, mchana wa Ramadhani, hoteli ikiwa imejaa watu. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu Majengo huanza nalo akiniona, na mimi sipendi kunyang'anywa hadithi yangu.

Mama anauza mahamri na mbaazi za nazi kwenye baraza ya nyumba tunayokaa. Ana jiko, sufuria, benchi lenye mguu wa kuazima, na mkono ambao ukitia iliki, watu wanatoka mpaka Shauri Moyo. Mwaka jana, ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na jiko letu, akahamia Bwana mwenye hoteli. Ya kwanza iko karibu na Soko la Burma, ya pili Kaloleni. Hii ilikuwa ya tatu, na zote zimepakwa rangi ya kijani ileile ili mtu akiiona moja ajue nyingine ni ndugu yake.

Ujanja wake haukuwa siri. Hatafuti mahali pasipo na chakula. Anatafuta mwanamke ambaye tayari ana wateja, anafungua mbele yake, anashusha bei ya chai mpaka inakaribia bure. Hasara ya hoteli mpya inabebwa na zile mbili za zamani. Mwanamke akichoka, bei inapanda tena. Kule Burma alikuwako mama mmoja wa chapati. Sasa huyo mama anaosha vikombe kwenye hoteli ya kijani, na chapati zake zinaitwa za Bwana.

Kwa mama alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama, moshi utakumaliza macho. Njoo upike kwangu. Jikoni kuna bomba."

Mama aligeuza hamri kwanza. "Sogea kidogo, bwana. Umesimama upande unaokwenda moshi, usije ukaumia wewe."

Basi ikaingia Ramadhani. Mchana mama hapiki. Anawasha jiko alasiri, tayari kwa futari: mbaazi, kaimati, uji wa pilipili manga. Hoteli ya Bwana ilikuwa wazi tangu asubuhi, na hapo sina neno, kwa sababu wafanyakazi wa reli na wa kaunsili ya mji, waliotoka upande wa ziwa, si wa dini yetu na njaa yao haina mwezi. Lakini eti kwa kutuheshimu sisi tunaofunga, alitundika pazia la magunia mlangoni. Siku moja nikakaa barazani nikitazama miguu inayoonekana chini ya hiyo heshima. Nikaona makubadhi, viatu vya ngozi vya watu wetu wa msikitini. Watu wa reli hawavai makubadhi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mbaazi za mama zilikuwa zinabaki. Wanaume walewale waliokuja magharibi kwenye benchi letu wakiugulia kiu, walikuwa wamekwisha kula saa sita. Wanaonja kijiko, wanamshukuru Mungu, wanasukuma bakuli. Mama alianza kukuna nazi nusu ya alizozoea. Mimi usiku nilimwona ndotoni akiosha vikombe vya kijani.

Ikawa Jumamosi. Nikavuka njia, nikakata kamba upande huu, nikakata upande ule, pazia likaanguka na vumbi lake lote.

Ndani kulikuwa na mzee wa safu ya mbele msikitini, ameshika kikombe kwa mikono miwili kama dua. Nyuma yake mjomba wangu, ndugu wa mama, kipande cha nyama kipo shavuni hakijui kiende mbele au kirudi. Na wengine, wengine. Watoto wa njiani wakaanza kuimba "Kobe, kobe", ndilo jina la mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Mtu mmoja wa reli, aliyekuwa anakula halali yake, hakuinua hata kichwa.

"Kijana," akasema, "rudisha hilo gunia. Vumbi linaingia kwenye sukari."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama jemadari. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: hawataweza tena kwenda kwake, kwa hiyo watakuja kwetu na njaa ya kweli.

Magharibi ikaadhiniwa. Benchi tupu. Mama akapakua uji, akaurudisha sufuriani. Hakuja mtu hata mmoja. Aliyevuka njia ni Bwana peke yake.

"Mama, mwanao amenifungia mlango kwa mchana mmoja. Wako ameufunga mpaka Idi. Kazi ya jikoni bado ipo."

"Kaimati utakula," mama akauliza, "au unapita tu?"

Akapita. Mama akanigeukia. Nilingoja kofi, ningelielewa.

"Hawaji kwa sababu wewe upo," alisema. "Nani ataweza kumeza mbele ya mtu aliyemwaibisha? Yule wa ng'ambo hauzi chai. Anauza mahali pa kutoonekana."

Akapanga mabakuli kwenye sinia, akayafunika kwa kawa la ukili, lile kubwa la harusi yake. "Nyumba kwa nyumba, kabla ya saa ya kafyu, askari hawajaanza kukamata watu njiani. Bisha, weka, geuza mgongo mpaka bakuli lirudi. Ukifungua mdomo, utafunga mpaka Idi ya kuchinja."

Mjomba alifungua mlango kidogo. "Lilikuwa tumbo," akaniambia. Nikanyamaza. "Tumbo, unanielewa. Dawa inataka chakula." Nikanyamaza zaidi, na Mungu anajua kilichonigharimu.

Mzee wa safu ya mbele alilitazama kawa kwa muda mrefu.

"Nani kakutuma?"

"Mama. Anakutakia futari njema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekatazwa kusema."

Akalipokea bakuli. Alipolirudisha, lilikuwa limekombwa. "Mwambie mama yako kesho nitakuja mwenyewe benchini," akasema. "Wewe ukae ndani."

Nilirudi na sinia jepesi, mabakuli yakigongana. Ng'ambo, Bwana alikuwa amesimama katika mlango wake ulio wazi, anatuangalia. Nikamwambia mama habari zote, nikaongeza kwamba tumemshinda. Alikuwa anachagua nazi za kesho, na safari hii hakuchagua nusu. Alisema:

"Kesho asubuhi utakwenda kulitundika tena lile pazia, kwa mkono wako, yeye akikutazama. Sitaki aje aseme nilimshinda kwa wembe. Halafu urudi upesi, nazi hizi hazitajikuna."