Isale la Kabatini

Marahaba, mwanangu, keti. Miguu imechoka na mdomo nao umechoka. Tangu asubuhi nawatembeza wageni humu kwenye makumbusho yetu ya kijiji, nawaonyesha mitungi ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na majembe ya zamani, na sasa umekuja wewe unataka nikuazime lile jani la isale la kabatini ukamwombe kaka yako msamaha. Kisa, huna lako: mimea ya masale ya mpakani uliing'oa mwenyewe ukamwaga zege! Haya. Sikuazimi, na nitakwambia kwa nini.

Ipo siku hainitoki kichwani hadi leo. Nilikuwa kijana. Baba yangu na mdogo wake walikuwa wamegombania maji ya mfongo, ule mfereji wa kunyweshea migomba, wakafika mahali pa kupishana njiani bila salamu. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nikamsikia bibi akimwambia baba, "Masale yamejaa hapo uani. Chuma moja, ulifunge fundo, umpelekee mdogo wako. Hawezi kulikataa."

Baba akacheka kwa hasira. "Mimi ndiye mkubwa. Aje yeye."

"Loo! Na ukikosa wa kukuita kaka, huo ukubwa utamwonyesha nani?" Bibi akamwacha pale, akaingia ndani.

Baba akangoja. Masika ikapita, kahawa ikavunwa, bado anangoja tu. Asubuhi moja tukasikia kilio ng'ambo ya mfongo. Baba alichuma isale akakimbia nalo pekupeku, mtu mzima vile. Akamkuta mdogo wake ameshafunikwa shuka. Alirudi nalo mkononi, akalitunza mpaka alipokufa yeye.

Ndilo hilo la kabatini. Wageni wakiuliza, nawaambia ni jani la Wachagga la kuombea msamaha. Wanapiga picha, wanaondoka. Sina tena nguvu ya kuwaeleza kwamba hili halikupokelewa na mtu. Inaniuma, mwanangu, kila ninapolifuta vumbi.

Basi nakuusia, usimngoje mwenzako aanze, hata siku kosa litakapokuwa lake. Usiseme kesho. Pale kwenye ua wangu yapo masale mabichi, chuma moja, lifunge, upande kwa kaka yako sasa hivi kabla mvua haijaharibu njia. Na ukirudi, vunja hiyo zege uoteshe masale mengine.

Mungu akutangulie, mwanangu. Umkute kaka yako nyumbani, na umkute mzima.